Alpha imetoka 0.91 ila msimamizi anasema uhalali haupo, nisaidieni

msomi_wa_usiku: Wakuu habari zenu. Nafanya tasnifu ya masta, nataka kujua kama mafunzo kazini yanaongeza ari ya wafanyakazi. Dodoso langu lina maswali 24 ya Likati (yale ya kuchagua kuanzia "sikubali kabisa" hadi "nakubali kabisa"), nimelijaribisha kwa watu wachache nikapata alpha ya Cronbach (kile kipimo cha uthabiti wa dodoso, cha juu kabisa ni 1) 0.91, nikajua hapa nimemaliza. Msimamizi karudisha sura ya tatu kaandika "uthabiti sawa, uhalali uko wapi?" na chini yake eti dizaini (mpango wa utafiti) haiwezi kujibu swali langu. Sasa anataka nini tena jamani?

Kokotoa: Alpha inakwambia maswali yako yanakwenda pamoja basi, haikwambii yanapima nini, na huo ndo uhalali: kama yanapima kweli unachodai kupima. Ukijaza maswali ya bosi ananisikiliza, bosi ananijali, bosi ananielewa, alpha itapaa vizuri tu na utakuwa umempima bosi, sio ari. Halafu inapanda kadiri maswali yanavyoongezeka, kwa maswali 24 uhusiano wa kitakwimu (correlation) wa wastani wa kama 0.3 tu kati ya swali na swali unakufikisha hiyo hiyo 0.91. Kwa hiyo usiitambie sana.

mzeewadata: Andika "dodoso lilipitiwa na wataalamu" usonge mbele, wote tunafanya hivyo.

Bi_Hojaji: @mzeewadata ndo maana watu wanakamatwa kwenye utetezi, maana mtahini akiuliza walipitia wakabadilisha nini mtu anabaki kutoa macho. Mleta mada, kweli wape wanaoijua mada waone kama kuna upande wa ari umeusahau, hiyo ni moja. Kisha kaa na wahojiwa kadhaa wakuelezee kila swali wamelielewaje, hapo ndo utashangaa. Ukishapata data za kutosha angalia kama alama za ari zinaendana na vitu vinavyopaswa kuendana nazo, mfano nia ya kuacha kazi inatakiwa ishuke ari ikipanda. Huyo huyo Cronbach aliyetoa alpha 1951, mwaka 1955 aliandika na mwanasaikolojia mwenzake Meehl kuhusu uhalali wa dhana (kama alama zinawakilisha kweli kitu kisichoonekana kama ari), yaani hata yeye hakuona alpha inatosha.

Kokotoa: Na dizaini je? Unagawa dodoso mara moja tu?

msomi_wa_usiku: Ndio mara moja, waliopata mafunzo na wasiopata, nalinganisha.

Kokotoa: Ndo tatizo lenyewe. Nani kachagua wa kwenda mafunzoni? Kama mabosi walipeleka wale wachangamfu, ari ilikuwepo kabla ya mafunzo, na dodoso hata liwe zuri namna gani haliwezi kukutenganishia hilo. Ungepima kabla na baada kwa makundi yote mawili ungekuwa na la kusema.

msomi_wa_usiku: Mafunzo yalishapita mkuu, "kabla" siipati tena.

Bi_Hojaji: Basi badilisha swali, toa "yanaongeza" weka "uhusiano kati ya mafunzo na ari", na kwenye uchambuzi ingiza cheo na miaka kazini, maana navyo vinaweza kuwa ndo vinatofautisha makundi. Mpelekee msimamizi kabla hujagawa dodoso, sio baada.