Binti yangu kaacha kula sababu ya majarida ya saluni, nifanyeje?

MamaSaluni_Mbauda
Habari za jioni wadau. Nina kasaluni kadogo huku Mbauda, Arusha. Kuna mteja wangu anafanya usafi loji moja, akawa ananiletea majarida ya urembo ya kizungu wanayoacha watalii, nikayaweka pale kwenye draya wateja wasiboreke. Sasa binti yangu yuko fomu tuu, akitoka shule anapita hapo kunisubiri, mi nikajua anajifunza Kiingereza kumbe anasoma viuno. Wiki iliyopita nafungua kabati lake nipange nguo nakuta kabandika mlangoni kwa ndani yule dada wa kwenye jalada, pembeni kaandika kwa penseli 71, 70, 69.5, kumbe anajipima kiuno na tepu yangu ya cherehani kila Jumapili. Chakula vijiko vitatu kashiba, chapati ya asubuhi anampa mdogo wake. Majarida nimeyachoma yote na bado hali. Wa matusi piteni kimya.

Kijana_wa_Sakina
Umechoma majarida, na simu je? Filta zimejaa huko.

MamaSaluni_Mbauda
Simu hana, anashika yangu tu na mara nyingi haina bando.

dada_Njiro
Mwambie Flaviana Matata alienda Miss Universe 2007 na kipara chake, kama hicho wanachonyolewa shuleni, na akaingia kumi bora.

Kijana_wa_Sakina
Flaviana si naye mwembamba jamani, hapo umemsaidia au umemmaliza 😂

Fundi_Picha_Moshi
Dada mi napiga picha za harusi hapa Moshi mwaka wa tisa huu, ngoja nikwambie jikoni kukoje. Nikimaliza kupiga naingia kwenye kompyuta, kiuno nakisukuma ndani na mausi, mkunjo wa kwapa natoa, ngozi nailainisha mpaka vinyweleo vinapotea, halafu bibi harusi bado anasema kaka niongezee weupe kidogo. Kuna mmoja nilimsukuma kiuno mpaka nguzo ya ukumbi iliyokuwa nyuma yake ikapinda, hakuna aliyeona, picha ipo sebuleni kwao mpaka leo. Na huyo ni mimi na kompyuta yangu ya mtumba, sasa hao wenye majarida wana watu wa kazi hiyo tu. 2017 Grazia ya Uingereza walimweka Lupita Nyong'o kwenye jalada wakamfuta nywele zake za nyuma na kuzilainisha zilizobaki, yeye mwenyewe akalalamika hadharani, na Oscar yake ile! Ufaransa mwaka huohuo wakaanza kulazimisha tangazo ambalo modo kapunguzwa au kaongezwa mwili liandikwe kwamba picha imerekebishwa. Njoo naye Jumamosi, akae pembeni aone, sichaji.

Mangi_Kibosho
Mpe mtori tu huyo atakaa sawa.

nesi_mstaafu
Mangi, mtori hautibu hili. Mama, kama hedhi imesimama, anazimia au anajitapisha, usingoje Jumamosi, mpeleke hospitali na useme wazi kwamba hali kwa makusudi, la sivyo watampima malaria tu wawarudishe nyumbani. Usimgombeze mezani. Halafu kuna kitu nilisoma zamani, kule Fiji TV iliingia mkoa mmoja 1995 na 1998 watafiti wakakuta wasichana wa sekondari wanajitapisha wapungue, na kule mwili mnene ndo ulikuwa sifa kama huku kwetu. Sasa nakuuliza, nyumbani nyie mnamsemesha vipi huyo mtoto kuhusu mwili wake?

MamaSaluni_Mbauda
Nimerudi. Nesi swali lako limeninyima usingizi, jana nikaenda kukaa kitandani kwake nikamuuliza polepole. Akanikumbusha kipaimara cha binamu yake kule Machame, shangazi zake walimshika mashavu wakasema jamani umenenepa, umependeza! Na mi nikacheka nikadakia huyu anakula hela yangu. Anasema ni tangu siku ile. Shangazi mtu alikuwa anamsifia!! Enzi zetu ukiambiwa umenenepa unatembea kifua mbele wiki nzima, yeye kasikia tusi, akaja akakuta yule dada wa jalada anamthibitishia. Hedhi anasema ipo ila keshokutwa tunaenda hospitali hata hivyo. Kaka wa Moshi, Jumamosi tupo, tutapanda Coaster ya asubuhi. Kasema kupigwa picha hataki, anataka kuiona ile nguzo.