Mjadala: Basari ya wadi ilipie digrii ya grafiki dizaini?

Mwanzilishi, Malindi:
Wenzangu, nalileta hili hapa maana huku mtaani limetugawa. Kijana mmoja amepata C+ katika mtihani wa kidato cha nne (KCSE), ameitwa chuo kikuu kusomea usanifu wa michoro miaka 4, na ameomba basari ya wadi. Mzee wa kamati akamwambia mbele ya watu kwamba pesa ya umma si ya kuchorachora, aende kozi ya miezi 6 hapo mjini atoke na kazi. Waliokuwepo wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Nasema alipiwe, ila si kwa sababu ya hiyo C+. Nyinyi mwaonaje? Matusi hapana.

Mwenye duka la chapa:
Mzee yuko sawa kabisa. Mimi nachapa mabango hapa mjini na wateja wangu ni wa harusi, wa matanga, wanasiasa, na mikahawa ya Wataliano. Hajatokea hata mmoja akaniuliza cheti. Kijana akiijua CorelDRAW, ile programu ya kuchorea kwenye kompyuta, akajua rangi za skrini si rangi za wino, akaacha milimita 3 pembeni za kukatwa, huyo ameiva. Hawa wa digrii wanakuja na maneno mengi, faili likiingia kwenye mashine ile buluu ya bahari inatoka zambarau. Hasara analipa nani? Mimi.

Mzazi wa Muyeye:
Mimi nawazia karo. Miaka 4, juu yake kompyuta yenye nguvu, na programu za usanifu za Adobe tangu 2013 toleo jipya hulinunui ukamalizana nao, walipia kila mwezi. Basari yenyewe inafunika kipande tu. Zilizobaki nauze mbuzi wangapi?

Mwanafunzi wa mwaka wa 3:
Mzee wa chapa, shikamoo. Hiyo hasara ya buluu naikubali, wenzangu wengi hawajawahi kuiona mashine ikichapa. Lakini sikiliza na hili.

Likizo iliyopita kuna mama anayepika mabuyu alinipa kazi ya lebo. Lebo alikuwa nayo, ametengenezewa dukani: maandishi mekundu kwenye mfuko unaoonyesha ndani, na ndani mna mabuyu mekundu. Jina halisomeki hata ukiusogeza karibu na macho. Uzito na tarehe ya mwisho vimebanwa chini kabisa, pale mfuko unapofungwa kwa moto, basi vimekunjamana vyote. Duka kubwa lilimrudishia mzigo wake. Na programu iliyotumika ilikuwa hiyohiyo CorelDRAW, tena aliyeitumia anaijua kunishinda.

Nilienda kwanza kuangalia hiyo mifuko inapangwaje kwenye rafu. Nikaukata mmoja, nikaulaza mezani, nikapima mikunjo kwa rula. Halafu ukanda mweupe, jina kwa wino mweusi, na yale yanayotakiwa kwenye lebo ya chakula, yaani viambato, uzito, tarehe na anwani ya mtengenezaji, nikayapeleka nyuma, mbali na moto. Nikatengeneza mfano wa karatasi, nikautupa, nikatengeneza mwingine. Hiyo tabia ya kuuliza na kupima kabla ya kugusa kompyuta nimeipata darasani, kwa kusimamishwa kila wiki mbele ya wenzangu kazi yangu ikichambuliwa mpaka nataka kulia.

Mpita njia:
Akili bandia itawamaliza nyote. Midjourney imetoka 2022, leo mpwa wangu anatoa kadi ya harusi kwa simu akiwa kitandani. Nyinyi mwabishana miaka 4!

Mwanzilishi, Malindi:
Mpita njia, umenisaidia bila kukusudia. Hebu angalia kinacholiwa kwanza ni nini: kadi ya harusi, tangazo la matanga, bango la ofa. Canva, ile tovuti ya violezo vilivyo tayari, ilishaanza kuzitafuna kazi hizo tangu 2013. Sasa ndizo hasa kozi ya miezi 6 inazomwandalia kijana! Tunamlipia ajifunze kubonyeza, na kubonyeza ndiko kunakokuwa bure. Ile kazi ya mabuyu mpwa wako hawezi kuifanya akiwa kitandani, kwa sababu nusu yake ilifanyiwa dukani mbele ya rafu.

Lakini digrii yenyewe nisiipambe. Mtu anaweza kumaliza akikueleza vizuri habari za Bauhaus, ile shule maarufu ya usanifu iliyofungwa Ujerumani 1933, na hajui wino unakaukaje kwenye turubai. Hapo mwenye duka ana haki ya kulalamika.

Msoma Katiba:
Mbona hakuna anayegusa sheria? Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeipa kaunti elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Chuo kikuu ni mzigo wa serikali ya kitaifa, na mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, upo. Shilingi ya wadi ikipanda kwenda chuo kikuu, kuna msichana kwenye chuo cha ufundi anayekosa cherehani.

Mwalimu wa sanaa:
Nimefundisha sanaa sekondari, naomba niongeze. Somo la Sanaa na Usanifu lipo kwenye KCSE, lakini shule zinazolifundisha ni chache, kwa hiyo mtoto wa huku anaweza kufika chuo kikuu hajawahi kufunzwa hata kushika penseli. Miezi 6 haiwezi kuziba pengo hilo. Na swali hili litazidi kuwa kubwa: walioingia Gredi ya 10 Januari 2026 wapo waliochagua njia ya sanaa na michezo. Wakimaliza 2028 wataikuta kamati na jibu gani?

Na wanaopenda kusema kanga zilibuniwa bila digrii, ni kweli. Ila aliyeweza kupanga pindo, mji na jina vikakaa sawa alikuwa amekaa na fundi miaka. Nani hapa Malindi leo atampokea kijana miaka 4 amfunze bure? Akijitokeza, mimi nitakuwa wa kwanza kumwambia huyo kijana aache chuo.

Mwanzilishi, Malindi:
Msoma Katiba, hoja yako ndiyo inayonibana kuliko zote, na sitajifanya nimeimaliza. Kama sheria itaufunga kabisa mlango huo, basi pesa ziende kwenye chuo cha ufundi, ila zinunue mashine ya kuchapa na zimlipe mwalimu anayejua kuchora, si kompyuta 20 na picha za uzinduzi.

Lakini madamu wadi bado inatoa za chuo kikuu, na inawapa wa biashara na ualimu bila kuwauliza kitu, huyu naye asinyimwe kwa sababu mtu mmoja hakipendi anachosoma. Kamati iitishe kazi. Vipande 5 alivyofanya mwenyewe, pamoja na michoro ya mwanzo iliyoharibika, aeleze kila kimoja alimfanyia nani na kwa nini. Mwenye C+ asiye na kitu cha kuonyesha akae kando. Mwenye C ya kwenda diploma na ana kazi nzuri alipiwe hiyo diploma.

Mzazi wa Muyeye:
Na hizo kazi atazikagua nani? Kamati yenyewe ni chifu, sheikh, mchungaji na akina mama wawili.

Mwanzilishi, Malindi:
Mwalimu wa sanaa, na huyu wa chapa.

Mwenye duka la chapa:
Mkiniita nitakuja, ila jioni, mchana nina wateja. Na sikagui mtoto wa mtu aliyeletwa na barua. Kazi zije kwenye flashi, bila majina.