Mrejesho: shamba la ufuta la mama lililopitiwa na bikoni za msitu

Wakuu habari, niliuliza kuhusu shamba la mama huku Kilwa, heka nne, bikoni (alama za mpaka) za msitu zimepita katikati na kaambiwa asilime tena. Mlioniambia nianzie ofisi ya kijiji kabla ya wakili asanteni sana, mmetuokolea hela.

Kumbe ni msitu wa hifadhi wa kijiji, yaani kwa Sheria ya Misitu ya 2002 mwenye msitu ni kijiji na kamati ya maliasili ndo inausimamia, sio wa serikali kuu kama bwana mmoja alivyotutisha. Hapo ndo kila kitu kikabadilika, maana mpaka uliopitishwa na mkutano mkuu wa kijiji upo kwenye muhtasari, tukausoma, unafuata korongo, na sehemu kubwa ya shamba iko ng'ambo, nje ya msitu. Waliopanda bikoni walikata kona. Mzee mmoja wa kamati akatembea na sisi hadi korongoni, Mungu ampe umri.

Heka tatu zimerudi. Moja kweli iko ndani, mama aliifyeka akifuata udongo mpya maana ardhi ikichoka ufuta hautoi kitu, hiyo kaiachia na sijamtetea, mpingo ukishakatwa mimi na wewe hatutauona ukikomaa.

Sasa tumeomba hati ya hakimiliki ya kimila, ile ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, na nimesisitiza iandikwe jina la mama mwenyewe, sio la kaka.