Naomba ushauri: Trevor Noah au Dave Chappelle?

Wakuu, vichekesho vya jukwaani nimezoea kuviona kwenye simu tu, ukumbini sijawahi kukanyaga. Sasa nimedunduliza hela ya tiketi moja, na ni moja kweli, nimebaki njia panda. Noah namfuatilia tangu enzi za The Daily Show, kile kipindi cha TV cha Marekani cha kutania habari, alichokiacha 2022. Akianza kuigiza lafudhi za watu, mbavu sina. Kwa Chappelle simu hufungiwa kwenye vifuko hadi onyesho liishe (hilo nalipenda, wanaorekodi kila kitu huniudhi).

Mliowahi kuwaona ana kwa ana, nani anachekesha zaidi ukumbini kuliko kwenye video? Halafu nikikaa safu ya mbele, si nitageuzwa kichekesho mimi? Nina kipara.