Wajukuu wa Barabara ya 9: Zuhura yuko Qingdao

*Ijumaa, saa 1:08 asubuhi*

Zuhura: Assalaam alaykum ukoo. Shikamooni wakubwa. Nimefika Qingdao, huku China, salama, treni kutoka Jinan imechukua kama saa mbili. Huku ni saa sita mchana, najua wengine bado mmejifunika shuka.

Zuhura: Nikipotea ghafla msinipigie simu polisi. WhatsApp huku haipiti bila VPN, na VPN yenyewe ina nongwa.

Zuhura: [picha]

Swalehe: Dada mbona picha nyeupe tupu

Hamisi: Kapiga ukuta wa hoteli

Zuhura: Ni bahari hiyo 😂 Ukungu. Hapo mbele yangu kuna gati linaitwa Zhanqiao, linaingia baharini mita 440, na mwishoni kuna banda la Kichina la pembe nane, ghorofa mbili. Sikuliona mpaka nilipokaribia kuligonga kwa paji la uso.

Mama: Alhamdulillah umefika. Umekula?

Baba Mkubwa: Marahaba mwanangu. Hilo gati ni la Mjerumani?

Zuhura: Hapana Baba Mkubwa. Lilikuwepo kabla yake, serikali ya wafalme wa Qing ndiyo iliyolijenga kwa ajili ya jeshi lao, mwanzoni mwa miaka ya 1890. Mjerumani alipokuja Novemba 1897 alikuta gati tayari, akashushia askari wake hapo hapo.

Swalehe: Kajengewa mlango wa kuingilia

Zuhura: Baadaye akalirefusha. Lile banda la mwisho wakaliongeza Wachina miaka ya 1930, na ndilo lililochorwa kwenye nembo ya ile bia yao maarufu.

Shangazi Mwanaisha: Bia tena.

Zuhura: Shikamoo Shangazi.

Shangazi Mwanaisha: Marahaba. Endelea, nasikiliza.

Baba Mkubwa: [ujumbe wa sauti, dakika 4:12]

Hamisi: Baba Mkubwa andika tafadhali, bando

Baba Mkubwa: Nasema hivi. Wamisionari wawili wa Kijerumani waliuawa huko jimbo la Shandong mwaka huo huo wa 1897. Kaiser, mfalme wa Ujerumani, alikuwa anaitaka ile ghuba ya Qingdao siku nyingi, akapata kisingizio. Machi 1898 wakawasainisha Wachina mkataba wa kukodisha miaka 99. Akakaa 16.

Swalehe: Kodi ya pango hakumaliza

Baba Mkubwa: Niulizeni kwa nini hakumaliza.

Hamisi: Kwa nini Baba Mkubwa (ameuliza mwenyewe tumuulize jamani)

Baba Mkubwa: Kwa sababu ya vita ile ile iliyopigwa hapa kwetu Tanga. Mnajua Waingereza walipoteremka hapo Raskazone na askari wao wa Kihindi, kama 8,000, von Lettow, kamanda wa Mjerumani, akiwa na watu kama 1,000 tu? Novemba 1914, tarehe 2 mpaka 5. Nyuki wakawavamia, risasi zikawavamia, wakarudi melini wameacha bunduki na sare.

Shangazi Mwanaisha: Hadithi ya nyuki Bibi alikuwa akitusimulia tukikataa kulala.

Baba Mkubwa: Basi wiki ile ile, tarehe 7, Qingdao ikasalimu amri. Huko waliokuja ni Wajapani, pamoja na Waingereza wachache. Tanga Mjerumani ameshinda Alhamisi, Qingdao ameshindwa Jumamosi.

Zuhura: Wallahi Baba Mkubwa umenisisimua. Niko huku nakuambia, na sikuwa nimeziunganisha hizo tarehe.

Baba Mkubwa: Miaka 34 ubaoni si mchezo.

*Ijumaa, saa 5:40 asubuhi*

Zuhura: Nimerudi. Ukungu umepanda, sasa mji unaonekana. Jamani, sijui niwaelezeje. Mji wa kale uko kwenye vilima, mapaa yote ya vigae vyekundu, kuta za rangi ya haradali, na chini mawe ya matale yaliyochongwa nusu nusu, yameachwa na manundu kwa makusudi. Nimepita kona moja nikasimama. Ule msingi wa mawe, yale madirisha ya tao… nikasema hii si Boma ya Mjerumani ya Tanga hii?

Mama: Tuma picha

Zuhura: [picha] [picha] [picha]

Mama: Hii ya pili kama Bombo, lile jengo la zamani la hospitali.

Swalehe: Tofauti wao wamepaka rangi

Shangazi Mwanaisha: 😂😂 Usianze Swalehe

Zuhura: Hilo la kijani-kijani kubwa ni nyumba ya gavana wa Kijerumani, ilimalizika 1907. Kila upande una sura yake, kama waliojenga hawakuwa wakisalimiana. Mao alikaa humo mwaka 1957 alipokuja kupumzika. Siku hizi ni makumbusho, unalipa unaingia.

Hamisi: Na kanisa?

Zuhura: Yako mawili ya kutazama. La Walutheri la mwaka 1910 nalipenda zaidi, dogo, lina mnara wa saa na unaruhusiwa kupanda mpaka ndani ya mashine yenyewe. Magurudumu ya shaba yanazunguka taratibu, kuna harufu ya grisi kama gereji ya Mjomba, na kila baada ya muda kinasikika "ka!" halafu kimya. Saa bado inakwenda.

Baba Mkubwa: Inakwenda?

Zuhura: Inakwenda na haikosei.

Zuhura: La pili ni la Wakatoliki, minara miwili mirefu, mita 56. Kila mtu anadhani ni la wakati wa ukoloni. Kumbe lilimalizika 1934, Mjerumani ameshafukuzwa miaka 20. Mapadri walibaki wakaendelea kujenga. Misalaba iliangushwa wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni ya Mao, ikarudishwa baadaye. Ila leo kanisa lenyewe hulioni kwa maharusi. Nimehesabu kumi na moja! Kumi na moja, uwanja mmoja, kila mmoja na mpiga picha wake anayepiga kelele.

Shangazi Mwanaisha: Wanaoa wote leo?

Zuhura: Hapana, wanapiga picha miezi kabla ya harusi. Gauni la kukodi, chini wamevaa raba. Mmoja alikuwa anakula muwa.

Hamisi: Wifi mtarajiwa huyo

*Ijumaa, saa 8:15 mchana*

Baba Mkubwa: Zuhura, swali. Wachina wenyewe walikuwa wakiishi wapi wakati wa Mjerumani? Maana hizo nyumba ulizotuma si zao.

Zuhura: Nilikuwa nakusubiri uulize. Walitengewa sehemu yao, Dabaodao, nyuma ya kilima, upande wa kaskazini. Ufukwe na upepo wa bahari wakachukua wazungu. Vijiji vilivyokuwa pale mwanzo vikanunuliwa na kubomolewa.

Baba Mkubwa: Kama hapa Tanga: Raskazone ya wazungu, Ngamiani ya Waafrika.

Zuhura: Ndiyo hivyo hivyo. Nimezunguka Dabaodao leo jioni. Mitaa imenyooka, inakatana kama daftari la hesabu, nikahisi niko barabara ya 9 natafuta nyumbani. Nyumba za huko zinaitwa liyuan: mbele maduka, unapita kwenye kichochoro chembamba, ndani ghafla kuna ua mkubwa na ghorofa mbili tatu za vyumba zimeuzunguka, na baraza za mbao. Familia kibao, bomba la maji moja katikati ya ua.

Mama: Na ugomvi wa bomba.

Zuhura: Bila shaka na ugomvi wa bomba. Wenyeji wengi wamehamishwa, sasa wanazikarabati. Moja kubwa inaitwa Guangxingli, imejaa mikahawa ya kahawa na vijana wanaojipiga picha. Lakini mtaa wa pili nyuma yake nimekuta ua ambao haujaguswa. Ngazi za mbao zimelika katikati kama bakuli. Kwenye kamba kuna suruali moja ya mzee na samaki wawili wameanikwa pamoja, kwa vibanio vile vile. Nimekaa pale muda mrefu kuliko kwa gavana.

Shangazi Mwanaisha: Samaki gani?

Zuhura: Sikumuuliza jina Shangazi 😂 mwembamba, bapa, anang'aa kama mkanda.

Shangazi Mwanaisha: Mkunge huyo.

Swalehe: *Imetumwa mara nyingi:* JE WAJUA? Mjini Qingdao Wajerumani walijenga mabomba ya maji taka miaka 100 iliyopita. Kipuri kilipoharibika Wachina waliandikia kampuni Ujerumani, wakajibiwa WACHIMBE MITA 3 PEMBENI. Wakakuta kipuri kimefungwa kwenye karatasi ya mafuta, kipya! Tuma kwa watu 10.

Swalehe: Mimi kama fundi bomba hii imenigusa

Zuhura: Swalehe kaka yangu, hiyo ni ngano. Hata huku imezunguka sana mtandaoni. Mabomba ya Mjerumani yapo kweli, na alikuwa ametenganisha maji ya mvua na maji taka, hilo ni la kusifiwa. Ila ni kipande kidogo mno cha mji wa leo. Qingdao haifuriki kirahisi kwa sababu iko kwenye miteremko na bahari iko hapo chini.

Swalehe: Nimeshatuma kwa watu 10

Baba Mkubwa: Na tukumbuke nani aliyechimba hiyo mitaro.

*Jumamosi, saa 4:30 asubuhi*

Zuhura: Leo nimeanzia ufukweni. Shangazi keti kwanza.

Zuhura: [picha]

Shangazi Mwanaisha: Yarabi! Majambazi?

Hamisi: 😂😂😂😂

Zuhura: Ni kina mama, wa umri wako! Wanatoka kuogelea. Wanakiita lianjini. Kitambaa cha nguo ya kuogelea, unakivalia kichwani mpaka mabegani, kina matundu ya macho, pua na mdomo basi. Kilibuniwa hapa hapa Qingdao miaka ya 2000. Hawataki jua liwaguse uso, na yavuyavu nao wanauma. Mmoja kavaa cha machungwa chenye mistari kama chui milia, katoka majini, kanipungia mkono, kakaa mchangani akaanza kumenya yai.

Mama: Na mwili wote kafunika?

Zuhura: Mpaka vifundoni.

Shangazi Mwanaisha: Basi hao wamestirika kuliko wengine wa hapa Raskazone siku ya Idi. Sitaji majina.

Swalehe: Shangazi taja

Zuhura: Halafu nikaenda Badaguan, mtaa wa majumba ya matajiri wa zamani. Mitaa yake ina majina ya milango ya milimani ya Ukuta Mkuu na kwingineko, na kila mtaa umepandwa mti wake: huu mipichi, ule migingko. Wenyeji wanajua mtaa kwa kutazama majani. Tulivu mno, na maharusi wengine kumi.

Hamisi: Laoshan umefika?

Zuhura: Mlima? Niliukuta umevaa mawingu, nikanunua chai yake nikageuza. Mita 1,132 kwa miguu yangu hii, hapana. Na bandari ya mashua za Olimpiki ya 2008 ni nzuri usiku, taa nyingi, basi.

Mama: Na chakula Zuhura, unakwepa swali tangu jana.

Zuhura: Mama nakula. Nimepata mkahawa wa Waislamu, wenye maandishi ya qingzhen mlangoni, tambi za kuvutwa kwa mkono na nyama ng'ombe. Na gala! Ni chaza wadogo, wanakaangwa na pilipili kavu na tangawizi, unakula sahani nzima unabaki na mlima wa makombe. Ila kabla ya kuagiza niliuliza bei mara tatu, nikamwandikia na kwenye simu.

Mama: Kwa nini?

Zuhura: Mwaka 2015 kuna mkahawa hapa mjini uliandika kamba yuan 38. Mteja akala sahani, bili ilipokuja akaambiwa 38 ni kwa KAMBA MMOJA. Bili ikapita yuan 1,500. China nzima ililizungumzia, na mpaka leo watu wa Qingdao wakitaniwa wanataniwa kwa kamba.

Swalehe: Huyo mwenye mkahawa angekuja stendi angefanikiwa

Shangazi Mwanaisha: Sasa mbona kuna picha kwenye "status" yako umesimama mbele ya pipa kubwa la shaba?

Zuhura: …

Shangazi Mwanaisha: Zuhura.

Zuhura: Ni makumbusho Shangazi. Ya kiwanda. Kilianzishwa 1903 na kampuni ya Waingereza na Wajerumani. Mitambo ya zamani iko pale pale.

Shangazi Mwanaisha: Kiwanda cha NINI?

Zuhura: Cha bia 🙈 Lakini sikuonja! Tiketi ina glasi ya kuonja na karanga. Glasi nimempa baba mmoja wa Kichina, kanishukuru kama nimemlipia ada ya mtoto. Mimi nimekula karanga.

Hamisi: Na ile nyumba inayopinda?

Zuhura: Hamisi nani kakuambia? Kuna chumba sakafu imelazwa mshazari, ukiingia unapepesuka kama mlevi hujanywa tone.

Shangazi Mwanaisha: Unalipa hela ili ulewe bila kulewa.

Zuhura: Nje ya geti wanaiuza kwa kilo, kwenye mfuko wa plastiki na mrija. Mzee anapanda baiskeli, mfuko wa bia umening'inia kwenye usukani.

Swalehe: Tanzania angekamatwa kwa mfuko kabla ya bia

Baba Mkubwa: Zuhura, ile saa ya kanisani ina maandishi ya kiwanda kilichoitengeneza? Nipigie picha. Nami nitakwenda Boma nikupigie ule msingi wa mawe, tulinganishe uchongaji.

Zuhura: Treni yangu ni kesho mchana, asubuhi napita. Nasubiri ya kwako.

Shangazi Mwanaisha: Na hilo lianjini ni bei gani? La rangi ya zambarau.

*Jumapili, saa 3:20 asubuhi*

Baba Mkubwa: [picha]

Baba Mkubwa: Boma hiyo, kona ya kaskazini. Tazama jiwe la tatu kutoka chini.

Zuhura: Baba Mkubwa, ni kidole.

Hamisi: Kidole gumba

Baba Mkubwa: Ngojeni nirudi.