Naomba ushauri: mwamba ni uleule, mbona udongo unabadilika kwenye mteremko?

Wakuu, habari zenu. Naomba msaada kwa wanaoujua udongo. Nafuatilia mteremko ambao mwamba wake ni mmoja kuanzia kileleni hadi bondeni. Juu udongo ni mwekundu na maji yanapita vizuri. Chini ni mweusi, mzito, na kiangazi unapasuka nyufa ambazo mkono unaingia. Mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne aliuona mfuatano wa namna hii Afrika Mashariki, na mwaka 1935 akauita katena.

Hadi hapo naelewa: juu chuma kinapata hewa na kushika kutu, maji yanashuka na madini yaliyoyeyuka, yanakwama bondeni na kujenga udongo wa mfinyanzi unaovimba.

Kinachonisumbua ni katikati. Chini ya udongo laini kuna tabaka la changarawe. Limejijenga papo hapo mwamba ulipovunjikavunjika, au limesombwa kutoka juu? Naangalia kama kingo za mawe ni kali au zimeviringika, lakini je, inatosha kweli? Na mashimo nichimbe hadi nifike kwenye mwamba, au mita 2 zinatosha? Mwenye uzoefu anielekeze tafadhali, hata kwa kunikosoa.