Nyumba ya Kibokoni: safari ya Disemba

Khamis: Assalam aleikum nyote. jamani hii safari ya Disemba tuiamue leo, mwenye gari yuwaniuliza kila nikipita dukani kwake, ni ile matatu ya viti 14, bei ametufanyia ya ujirani lakini ataka tarehe. mimi nasema twende Lamu. Watamu tunapita, Gede tunaingia kidogo kwenye magofu, Malindi tunalala, asubuhi twaendelea mpaka Mokowe tunaliacha gari tunapanda boti. Jumamosi ya wiki ya 3 ndiyo nina likizo

Rukia: Lamu!!! mie sikosi

Mama Nasra: Waaleikum salam. Khamis, Lamu ni zaidi ya kilomita 300 na hapo hujahesabu foleni ya Mtwapa. Na Bibi twaenda naye, goti lake mwalijua, akikaa garini masaa mawili bila kushuka mguu wafura mpaka kiatu hakiingii

Shangazi Zainabu: Na siku zenyewe ni 2 tu. Lamu mtu aenda akakae, si kwenda kupiga picha na punda na kurudi

Khamis: sasa shangazi twende wapi basi, Nyali?

Rukia: Ngojeni. Bibi yuko hapa nimemsomea yote. Amesema nyamazeni kwanza. Naandika kama anavyosema msinilaumu: "Lamu mie nshakwenda, babu yenu alinipeleka maulidini, alhamdulillahi. Nataka kisiwa cha Wasini. Nina watu wangu kijiji cha Mkwiro hukohuko nawasikia kwenye simu tu, nataka niwaone kwa macho. Kama mwanipeleka mahali nipelekeni kusini."

Mama Nasra: ❤️

Khamis: Bibi ashasema basi imekwisha, Lamu itangoja

Mwalimu Juma: Mmefanya vizuri sana. Watu wa Mombasa tukisikia pwani ya kusini akili yaishia Diani, na Diani twaweza kwenda hata Jumapili mchana tukarudi kula nyumbani. Utamu waanza ukishaipita Ukunda. Kuna Gazi, pale kwenye mikoko, kina mama wamejenga daraja la mbao lapita katikati ya mikoko unatembea juu ya tope hujichafui. Na mradi wao wa Mikoko Pamoja ulianza 2013, wauza ile kaboni inayoshikwa na mikoko na pesa zaingia kwenye maji na shule za Gazi na Makongeni. Nataka watoto waone kwamba mti ukiachwa umesimama waweza kuleta pesa, hapa mjini wanaona mkoko ni boriti na makaa basi

Rukia: Mwalimu na mie nina ombi langu, Kibuyuni. wale kina mama wa mwani. Natengeneza sabuni yangu hapa nyumbani na mwani naununua kwa mtu wa tatu sijui hata umekauka vipi, nataka nikaone wanavyofunga kwenye kamba, niongee nao wenyewe

Khamis: sawa, Gazi, Kibuyuni, Shimoni, Wasini. wiki ya 3 basi nimjibu mwenye gari?

Ami Shee: Usimjibu.

Ami Shee: Assalam aleikum. Nilikuwa msikitini. Khamis mwanangu hiyo tarehe umeitoa kwenye likizo yako na hatukulaumu, lakini safari ya visiwani tarehe yatolewa na mwezi. Hiyo Jumamosi yako nimeiangalia, yaangukia maji mafu, zile siku bahari haijai sana wala haipwi sana. Maji mafu huku kwetu yajaa saa 4 asubuhi na kupwa saa 10 jioni. Sasa mpigie hesabu Bibi. Mtafika Shimoni mchana, mpumzike, mseme sasa tuvuke, ni jioni maji yako chini, boti imekaa chini ya usawa wa gati na zile ngazi za chini zimeota majani ya bahari zateleza hata kijana ashikilia. Goti lile lishuke pale? Mimi simpeleki mama yangu namna hiyo.

Ami Shee: Twende Jumamosi ya kabla yake, mwezi mpevu. Hiyo ni bamvua, maji yajaa sana na kupwa sana. Bamvua maji yapwa saa 4 asubuhi na yajaa saa 10 jioni, na kila siku yachelewa kama dakika 50. Jumamosi saa 9 unusu saa 10 hivi boti itakuwa juu sawasawa na ngazi kavu, Bibi aweka mguu mmoja, apewa mkono, ashakaa. Na maji yakishajaa husimama kidogo kabla ya kugeuka, mkondo wa ule mlango wa Wasini wapungua. Bamvua ikiwa katikati ya kwenda au kurudi pale maji yavuta kwelikweli, ndiyo maana nawaambia tuvuke yakiwa yamesimama na tusivuke kwa haraka ya mtu yeyote.

Mama Nasra: Ami Mungu akuweke. Hicho ndicho nilichokuwa naogopa na sikujua nikiseme vipi

Khamis: naongea na bosi wangu kesho nibadilishe likizo. lakini ami, bamvua si ndiyo maji makali, huko kuogelea kwa watoto itakuwaje

Ami Shee: Kuogelea ni Jumapili asubuhi huko Kisite na hapo bamvua yatusaidia. Tuondoke saa 2, tufike huko kama saa 3 maji yaenda kupwa, karibu saa 5 ndiyo yako chini kabisa na lile fungu la mchanga latoka nje jeupe katikati ya bahari watoto wasimame juu yake. Matumbawe yawa karibu na uso wa maji huna haja ya kupiga mbizi, walala tu kifudifudi waona. Na Disemba ni upepo wa kaskazi, ule wa kusi umekwisha zamani, maji yawa meupe. Mngeniambia Julai ningekataa.

Mwalimu Juma: Naongezea hapo kwa ajili ya watoto. Kisite ni hifadhi ya serikali tangu 1978, kilomita 28 za mraba. Hawagusi kitu, hawaokoti kombe, hawasimami juu ya matumbawe hata kama wamechoka, tumbawe likivunjika halirudi leo wala kesho. Na pomboo wakitokea tunamwambia nahodha azime injini tuwangoje, si kuwafukuza. Nishaona boti nne zimezunguka pomboo na kinda lake, sipendi kabisa

Rukia: 😢 nitawaambia wangu

Mama Nasra: Mimi nina jambo moja na silitoi. Kila mtoto na jaketi lake la kuelea, la saizi yake, limefungwa kabla boti haijang'oka. Si jaketi la mtu mzima linalompanda shingoni. Nasra mwajua hajui kuogelea

Ami Shee: Nimeshaongea na nahodha mmoja namjua siku nyingi. Jaketi za watoto anazo, nimemwambia kama hazitoshi hatupandi, atafute nyingine. Na yeye mwenyewe amesema hapakii zaidi ya idadi yake. Mie ntakaa nyuma na Nasra.

Shangazi Zainabu: Haya sasa njia. Feri au Dongo Kundu?

Khamis: Dongo Kundu! barabara mpya hamna kungoja

Shangazi Zainabu: Kutoka Kibokoni mpaka Miritini uzunguke urudi mpaka Kibundani, na feri iko hapa chini?

Ami Shee: Kwenda feri, kurudi Dongo Kundu. Jumamosi tukiswali alfajiri tukatoka hapohapo tutavuka Likoni kabla watu hawajaamka, na Bibi apenda feri. Jumapili jioni kila mtu yuwarudi kutoka Diani, ile foleni ya Likoni sitaki kuikalia na watoto wamelowa na wana usingizi. Hapo ndipo Dongo Kundu ina maana.

Khamis: 👍🏽 nimeelewa. basi hivi: alfajiri feri, Gazi saa 2, Kibuyuni saa 4

Rukia: saa 4 maji yamekupwa ndiyo watakuwa shambani!! yaani wale kina mama kazi yao wanaifanya bamvua maji yakitoka, wiki yako Khamis tungewakuta wamekaa nyumbani

Mwalimu Juma: Na Gazi tushuke wote, tusiseme tutaangalia dirishani. Bibi akishuka pale ananyoosha mguu. Kutoka hapo mpaka Msambweni tunasimama tena kidogo, halafu Ramisi, kuna mnazi mpaka macho yachoka, halafu tunakata kushoto pale Kanana kuelekea Shimoni

Shangazi Zainabu: Chai tunywe Gazi basi. Mahamri ntakaanga Ijumaa usiku, mbaazi za nazi Mama Nasra, katlesi Rukia. Chai kwenye chupa mbili, moja ya Bibi isiyo na sukari na msiichanganye

Rukia: katlesi mie 🙋🏽‍♀️ na achari ya ndimu ipo

Mwalimu Juma: Shimoni tukifika kabla ya kuvuka nataka tuingie pangoni. Pale waliwekwa watu waliotekwa, wakingoja vyombo vya kuwapeleka Unguja sokoni. Soko la Unguja lilifungwa 1873 wakati wa Sultan Barghash, si zamani sana ukihesabu vizazi, ni babu za babu zetu

Mama Nasra: Mwalimu watoto wa miaka 7 na 8 pangoni kusikia hayo? Nasra ataota usiku

Mwalimu Juma: Nakuelewa. Lakini wataingia mle waone popo na mawe wafurahi, watoke hawajui pale palikuwa nini, hilo naliona baya zaidi. Nitawaambia kwa maneno ya umri wao, kwamba watu kama sisi walichukuliwa makwao kwa nguvu wakafichwa hapa, na kwamba leo kijiji chenyewe ndicho kinachotunza pango ili wasisahauliwe. Minyororo nitawaeleza wakubwa peke yao

Rukia: Bibi amesema aongezewe hapa: "Waambieni. Sisi tulikuwa twaambiwa tukiwa wadogo kuliko wao, na twalala."

Mama Nasra: Basi sawa. Mkono wa Nasra niushike mimi

Shangazi Zainabu: Mkwiro tusiende mikono mitupu jamani. Mchele, sukari, tende, kahawa. Bibi ataka kitu gani kwa watu wake?

Rukia: Amesema leso mbili mbili zenye jina zuri, atachagua mwenyewe Biashara Street, nimpeleke Alhamisi. Na amesema maji. Tubebe maji yetu ya kunywa ya siku zote 2, madumu. Amesema alipokuwa mtoto kisiwani maji ya kunywa yalikuwa ya mvua tu, yakingwa kwenye mabirika, na mgeni aliyekuja akaoga ndoo nzima alikuwa akisemwa mwaka mzima. Ati hata kama leo mambo yamebadilika yeye hataki wajukuu wake waende kufungua maji ya watu ovyo

Ami Shee: Mama amesema kweli. Madumu mawili ya lita 20 nabeba mie.

Khamis: na gari tunaliacha Shimoni usiku kucha, kule kisiwani hakuna magari. dereva atalala kwa nani

Ami Shee: Kwa nahodha. Nimeshasema naye.

Mwalimu Juma: Bustani ya matumbawe Wasini msiikose Jumapili mchana tukirudi kutoka Kisite. Yale matumbawe ya kale yako nchi kavu, yamesimama makubwa kama vibanda na mimea yaota katikati, daraja la mbao ni la kina mama wa kijiji na kiingilio kinabaki kwao. Maji ya bamvua yakianza kupanda mchana yaingia chini ya daraja polepole, unasimama unayaona yanapita miguuni mwako na kaa wekundu wakikimbilia mawe

Mama Nasra: Na tunakula saa ngapi

Shangazi Zainabu: Kwa watu wa Bibi. Washasema wapika wali wa nazi na samaki wa kupaka, sisi tutoe pesa ya samaki mapema, si kuwaachia mzigo. Nataka mchango wote uwe umeingia Ijumaa ya wiki ijayo, mkubwa 3,500 mtoto 1,500, nitumieni kwenye simu, Bibi halipi na Ami atulipia mafuta Mungu amzidishie. Kiingilio cha Kisite hawapokei pesa taslimu, chalipwa kwa eCitizen, ule mtandao wa serikali, kwa hiyo Khamis utatulipia wote kwa simu yako na nitakutumia

Khamis: sawa shangazi. kila mtu abebe kitambulisho tafadhali, bei ya raia si sawa na ya mgeni na mlangoni watauliza. watoto mbebe kopi za vyeti vya kuzaliwa au tuzipige picha zikae kwenye simu

Rukia: Ami maji ya kurudi Jumapili ni saa ngapi nimwambie Bibi, ataka kujua atakaa na watu wake mpaka saa ngapi

Ami Shee: Yatajaa karibu na saa 11. Tutamwacha mpaka baada ya alasiri, saa 10 unusu tushuke gatini. Akitaka kukaa zaidi mwambieni tutarudi naye tena Februari, kaskazi bado itakuwepo.

Rukia: Nimemwambia. Amesema Februari aandikwe kabisa

Khamis: bosi amekubali!! nimempigia sasa hivi. namjibu mwenye gari, Jumamosi ya mwezi mpevu, tunaondoka mara baada ya swala ya alfajiri

Shangazi Zainabu: Alhamdulillah. Mama Nasra nimepokea yako. Rukia na Mwalimu bado